Usiangalie Rejista, Angalia Mwezi

Anayeishi huku kwetu Likoni hahitaji kufunzwa maana ya kuvuka. Watu zaidi ya laki tatu hupita kivukoni kila siku, na kabla jua halijachomoza utawakuta watoto wa Timbwani, wa Shika Adabu, wa Bofu na wa Mtongwe wamesimama miongoni mwa watu wazima, sare zimepigwa pasi, mikoba imewazidi mabega, wakingoja geti lifunguliwe wateremke ferini waende kisiwani kusoma. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mama alinishika mkono hadi penye mteremko, kisha akaniambia maneno yaleyale kila asubuhi: kaa katikati, usisimame karibu na mlango. Alikuwa na sababu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka pale kwetu Mtongwe, karibu kabisa na nchi kavu, na watu 272 wakafa maji. Tangu siku ile mzazi wa Mtongwe akisema "mwanangu amevuka", huwa hajatulia mpaka amwone amerudi.

Basi nimekua nikijua kwamba shule iko ng'ambo, na ng'ambo yetu sisi ni kisiwa cha Mvita. Kisiwa ndicho chenye shule za jina, bara ndiyo inayovuka kuzifuata. Ndiyo maana nilipofika Wasini nilihisi kama mtu aliyegeuziwa dunia, maana huko mtoto wa kisiwani ndiye anayesimama ufukweni na mkoba wake, akitazama bara, akihesabu mawimbi.

Wasini haiko mbali nasi. Ukitoka Likoni ukashika barabara ya Lungalunga, ukapita Ng'ombeni, Waa, Tiwi, Ukunda, Msambweni na Ramisi, kisha ukakata kushoto, unashuka hadi Shimoni, na mbele yako ng'ambo ya mkondo kuna kisiwa cha matumbawe chenye urefu wa kama kilomita 5 na upana wa kama kilomita 1. Upande wa magharibi kuna kijiji cha Wasini chenyewe, upande wa mashariki Mkwiro. Wenyeji ni Wavumba na Wachifundi, kila mmoja na lahaja yake ya Kiswahili, na ukiwasikiliza wazee wakizungumza barazani utapata maneno ambayo sisi wa Mombasa tumeyasikia kwa nyanya zetu tu. Gari hakuna hata moja. Visima hutoa maji ya chumvi, kwa hiyo watu wamezoea tangu zamani kuyavuna maji ya mvua na kuyahifadhi kwenye mabirika.

Shule niliyoitembelea huko kisiwani sitaitaja jina, kwa sababu nataka unaponisikiliza uwaone pia watoto wa Funzi, na wa Kiwayu na Ndau kule Lamu, ambao wako katika hali ya namna hiyo hiyo. Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kengele. Imening'inizwa kwenye tawi la mwarobaini kwa kamba ya kuvulia samaki, na ni rimu ya gari. Kisiwa kisicho na gari, kengele yake ni rimu ya gari! Mtu aliivusha kwa mashua kutoka Shimoni miaka mingi iliyopita, akaibeba begani hadi shuleni, na tangu hapo msichana wa zamu huigonga kwa kipande cha nondo, na sauti yake hufika hadi kwa wavuvi walio karibu na pwani. Nikakumbuka kengele yetu ya Kisauni, ile ya Freretown iliyoupa mtaa jina la Kengeleni. Wamishenari wa shirika la CMS walianzisha makazi yale mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, wakaweka shule ya kusoma na ya kazi za mikono. Kengele ile iliwaita watu ibadani na kuwaonya hatari ilipokaribia, na waliokusanyika chini yake walikuwa wametoka pande mbalimbali, hawakuzaliwa mahali pamoja wala kwa lugha moja. Rimu ile ya kisiwani nayo, ikigongwa wakati ambao si wa darasa, kijiji kizima hujua kuna jambo, na wazee huanza kuteremka kuelekea shuleni kabla hawajaulizana ni nini.

Nilikuwa nimekwenda na swali langu la mjini. Nilimuuliza mwalimu kwa nini siku nyingine darasa huwa nusu. Nilitarajia aniambie habari ya umaskini, au wazazi kutojali, maneno tuliyoyazoea katika mikutano. Alinyamaza kidogo, akafunga rejista iliyokuwa mezani, akaniambia: "Ukitaka kujua kwa nini watoto hawaji, usiangalie rejista. Angalia mwezi."

Wasikilizaji, nimelifikiria neno lile tangu siku hiyo, na ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Tuanze na maji. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua. Hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4 wakati wa bamvua. Baina ya nyakati hizo, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Sasa, siku za bamvua katika pwani hii maji hupwa kabisa mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi. Mwamba wote hubaki wazi, na hapo akina mama hushuka na michokoo yao kuchokoa pweza, kuokota kome na chaza, na kile kitakachopatikana ndicho kitoweo cha jioni na pengine pesa ya sukari. Mama anayeshuka mwambani anataka mikono ya kumsaidia, na mwenye macho mepesi ya kuliona tundu la pweza ni mtoto wa miaka kumi. Saa nne asubuhi ndiyo saa ya hesabu shuleni. Ratiba ya darasa imeandikwa ukutani na haibadiliki, lakini ile ya bahari husogea kama dakika 50 kila siku, na mtoto wa kisiwani anaishi ndani ya zote mbili.

Halafu kuna pepo. Muhula wa kwanza wa shule zetu huanza Januari na kwisha mapema Aprili. Huo ndio wakati wa kaskazi. Bahari imetulia, samaki wapo, watalii wanamiminika kwenda kuangalia matumbawe na pomboo katika hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, na kijana wa miaka 14 anayejua kushika usukani na kutia nanga huitwa na mjomba wake, "Njoo leo tu, wageni ni wengi." Leo tu hiyo huwa wiki. Muhula wa pili huanzia Aprili mwishoni au Mei, na hapo huwa kusi limekwisha kushika. Bahari huchafuka, mvua ya masika humwagika, na mwalimu anayeishi bara, aliyeamka alfajiri, husimama pale Shimoni akiutazama mkondo na nahodha akamtikisia kichwa. Kwa hiyo kaskazi linapovuma, mwalimu yupo na mwanafunzi amekwenda baharini. Kusi likivuma, mwanafunzi yupo na mwalimu amekwama ng'ambo. Hakuna aliyekosea katika haya. Kalenda ya shule ilipangwa na watu wanaosafiri kwa barabara.

Mwalimu yule, ambaye kwao si pwani, alikuwa amekaa miaka kadhaa akipigana na mambo hayo, akiwaadhibu watoto na kuwaita wazazi, mpaka mzee mmoja wa kijiji alipomwambia kwa upole, "Mwanangu, maji hayaitwi ofisini." Akaacha kupigana. Alichofanya ni kuomba kalenda ya Kiislamu kwenye chuo cha Kurani, ile inayobandikwa mlangoni, akaibandika kando ya ratiba yake ya masomo. Kila tarehe 1 na tarehe 15 ya mwezi mwandamo, na siku mbili tatu zinazofuata, hesabu ya saa nne huondoka darasani ikashuka ufukweni.

Nilikuwepo siku moja kama hiyo. Watoto wa Gredi ya 4 waliteremka kwa mstari, viatu mkononi, na mkononi mwa kila mmoja kamba yenye mafundo. Mwalimu aliwagawa makundi, akawataka wapime umbali kutoka alama ya maji ya jana jioni hadi maji yalipo sasa, waandike, kisha warudi kesho wakati uleule wapime tena. Msichana mmoja, mwembamba, leso yake ameifunga kiunoni juu ya sare, alipiga magoti kwenye tope na kuuchomoa mche wa mkoko. Nanyi mnaujua ulivyo, mrefu kama kalamu nene ya kijani, hukua ukining'inia kwenye tawi la mama yake, kisha hujidondosha na kujichoma topeni wenyewe. Akauweka kwenye kiganja changu akaniuliza, "Huu umelala au umesimama ulipoanguka?" Sikuelewa. Akanifunza: ukianguka maji yamekupwa, hujichoma wima, ukianguka maji yamejaa, huelea ukachukuliwa mbali, mpaka upate pa kutulia. Kisha akawahesabia wenzake miti yote iliyo mbele yetu kwa majina, akianzia baharini kuja nchi kavu: mlilana unaotangulia kupigwa na mawimbi, mkoko wenye mizizi kama miguu ya kaa, halafu mchu, halafu mkandaa ambao gamba lake lilitumika kutia rangi ngozi na nyavu. Kenya ina aina 9 za mikoko. Mtoto yule alizijua saba, na mwalimu hakuwa amemfunza hata moja. Alifunzwa na nyanya yake, wakikata kuni.

Nilijisikia huzuni, na niseme kwa nini. Mtoto yule, karatasi ya mtihani ikija, huenda akaulizwa swali la mti asiopata kuuona, akakosa, na kijitabu cha matokeo kikaandika kwamba yuko chini ya kiwango.

Na elimu ile si ya mikoko peke yake. Waswahili wana mwaka wao wa jua, unaoanza Siku ya Mwaka, na siku zake huhesabiwa kumi kumi. Kila kumi huitwa mwongo. Miongo 36 ni siku 360, kisha huongezwa siku 5 zikatimia 365. Manahodha walijua katika mwongo wa ngapi kaskazi litaanza kulegea na katika mwongo wa ngapi si salama kutweka tanga. Wakulima walijua lini wapande. Hapo pana hesabu ya kuzidisha, pana jiografia ya pepo, pana historia ya safari za Arabuni na Bara Hindi, na vyote vimo katika neno moja ambalo babu bado analitamka. Mtaala huu wa umilisi, tunaouita CBC, ulioanza rasmi katika madarasa ya chini Januari 2019, umesema kwa maandishi kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda na kwamba mazingira yake yawe sehemu ya somo. Umesema mtoto wa chekechea hadi Gredi ya 3 afunzwe kwa lugha ya mahali pake. Mimi nauunga mkono katika hilo kwa moyo wote. Lakini vitabu vinapofika kisiwani vinamwambia mtoto alime shamba dogo la mboga nyuma ya darasa, na nyuma ya darasa ni jabali tupu la matumbawe, na maji ya kumwagilia ndiyo yale ya birika ambayo kila mtoto hupimiwa kikombe. Mwalimu wetu alitafuta njia. Watoto walijaza tope la pwani kwenye makopo ya maziwa, wakachomeka miche ya mikoko, wakaweka kitalu mahali ambapo bahari yenyewe huja kumwagilia mara mbili kwa siku. Mkaguzi akija akiuliza shamba liko wapi, ataonyeshwa hilo. Naomba alikubali.

Sasa nije kwenye kijiji, maana shule ile haisimami kwa serikali peke yake. Asubuhi rimu hugongwa, watoto huingia darasani. Alasiri watoto walewale, wamebadili sare kwa kanzu na buibui, huingia chuoni kwa maalim. Ijumaa masomo hukatizwa mapema watu waende msikitini. Mwezi wa Ramadhani mambo yote huenda polepole na hakuna anayelalamika. Mwalimu na maalim wanajuana, na mtoto akikosa kote kuwili hutafutwa na wote wawili kabla ya magharibi. Huku kwetu mjini mwalimu wa shule na maalim wa chuo wanaweza kumfunza mtoto mmoja miaka minane wasikutane hata siku moja.

Wasini akina mama wana kikundi chao. Walijenga njia ya mbao inayopita juu ya mikoko na katikati ya bustani ya matumbawe ya kale, mawe yaliyochongwa na bahari ikaondoka ikayaacha. Mgeni hulipa kiingilio akatembea, na sehemu ya fedha ile husaidia masomo ya watoto wa kijiji. Nenda Gazi, njiani ukirudi huku Likoni, utakuta mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Watu wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko, na ile hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo huuzwa ng'ambo, na katika pato lake wamenunua vitabu vya shule na kuvuta maji ya mfereji. Mwaka 2017 walitunukiwa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hao ni majirani zetu, wasikilizaji. Ni watu tunaokutana nao kwenye matatu hapo steji ya Likoni, wana vikapu vyao vya samaki, na wamefanya jambo ambalo mataifa huja kulisoma.

Ila wema wa kijiji usiwe kisingizio. Nataka mnisikilize vizuri hapa. Serikali huipa shule ya msingi shilingi 1,420 kwa kila mtoto kwa mwaka. Chukua shule ya mjini yenye watoto 1,200: hiyo ni shilingi 1,704,000. Chukua shule ya kisiwani yenye watoto 120: ni shilingi 170,400. Hizo ndizo za chaki, za ukarabati, za umeme au sola, za mlinzi, za kila kitu, na kila mwalimu mkuu wa nchi hii atakwambia kwamba hata hizo hufika kwa vipande na kwa kuchelewa. Utasema ni haki, kila mtoto kapewa sawa. Lakini paa la shule ya watoto 120 huvuja kama la shule ya watoto 1,200, na bati la kulizibia bei yake dukani ni ile ile. Tena huko dukani ndiko mwanzo tu wa safari yake. Mfuko wa saruji unaponunuliwa Ukunda hupakiwa juu ya matatu, hushushwa Shimoni, hubebwa mgongoni hadi ufukweni, huingizwa kwenye mashua, na kama maji yamekupwa mashua haifiki nchi kavu, kwa hiyo mtu huuweka kichwani akatembea nao majini hadi kiunoni, akiomba Mungu asikanyage nyenga. Kila mkono ulioushika umelipwa. Ukiingia darasani saruji ile si ya bei ile tena. Kanuni inayohesabu vichwa vya watoto bila kuihesabu bahari inamwibia mtoto wa kisiwani.

Naamini ingefaa kuwe na kiwango cha chini ambacho kila shule ya kisiwani ingepata kabla ya kuanza kuhesabu watoto, kiasi cha kuweka paa, maji na mashua. Naamini pia nyumba ya mwalimu ijengwe hapo hapo kisiwani, kwa sababu mwalimu anayelala kisiwani hana kusi. Fedha hizo zipo katika nchi hii. Kaunti ya Kwale ndiyo yenye dhamana ya chekechea, Nairobi ina dhamana ya msingi na kuendelea, na katikati ya wawili hao mzazi ndiye anayechangishwa mshahara wa mwalimu wa bodi ya shule kila mwisho wa mwezi, akiuza pweza.

Kuna jambo jingine lililobadilika, nalo nimelifuatilia kwa karibu kwa sababu linahusu kuvuka. Zamani mtoto wa kisiwani alimaliza darasa la nane, akafanya mtihani wa KCPE, na wengi wa waliofaulu walivuka kwenda sekondari bara, wakiwa na umri wa miaka 14 hivi. Mwaka 2023 KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho, na Januari mwaka huohuo Gredi ya 7 iliwekwa ndani ya shule za msingi zenyewe. Kwa mjini hilo lilizua malalamiko mengi, na mengine yalikuwa ya kweli: hakuna maabara, walimu wa sayansi hawatoshi. Lakini kisiwani lilikuwa na sura nyingine. Msichana wa miaka 13 alibaki nyumbani miaka yote mitatu ya sekondari ya chini, Gredi ya 7 hadi ya 9, analala kwa mamake, anakula chakula cha nyumbani, anakwenda chuoni alasiri. Serikali ilipanga shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari hiyo ya chini kwa mwaka, na ingawa maabara haikuja na fedha hizo, miaka mitatu ile kwa msichana wa kisiwani ilikuwa na thamani ambayo mtu wa Nairobi hawezi kuipima. Wengi waliokatizwa masomo zamani walikatizwa na maji, au na nyumba ya kupanga ng'ambo ambayo hakuna mzazi wa kuiangalia, kabla ya mtihani wenyewe kuwafikia.

Januari 2026 kundi lile la kwanza likaingia Gredi ya 10, na kuvuka kukarudi. Sare mpya, godoro, sanduku, karo ya bweni. Mama mmoja alinionyesha orodha ya vitu alivyotakiwa kumnunulia bintiye. Aliikunja akaiweka ndani ya leso, akaifunua tena, akaikunja. Alikuwa ameweka alama ya kalamu kwenye vitu alivyovipata. Ndoo, alama. Shuka mbili, alama. Godoro hakukuwa na alama. "La nyumbani litavuka," akaniambia. Na kweli godoro lilivuka, limekunjwa na kufungwa kamba, mtoto amekaa juu yake katikati ya mashua, na mama yake kasimama ufukweni akimpungia na kumwambia maneno ambayo niliyajua kabla hayajanifikia masikioni: kaa katikati, mwanangu.

Nimerudi huku Likoni na nikazitazama shule zetu kwa macho mengine. Tuna madarasa ambayo watoto hubanana watatu wanne kwenye dawati moja. Hilo tunalijua na tumelipigia kelele. Lakini tuna pia hori zimetuzunguka, tuna mikoko ya Mtongwe, tuna ile ya Jomvu na Mikindani upande wa Changamwe, tuna ya Junda na Mishomoroni huko Kisauni, na kuna shule ambazo kutoka dirishani unaweza kuyaona maji, na mtoto akafika Gredi ya 9 bila kupelekwa kuyasoma hata siku moja. Tunaogopa. Naielewa hofu hiyo, mimi ni mtoto wa Mtongwe wa baada ya 1994. Lakini tumekwenda mbali mno na hofu yetu, hata tumewalea watoto wanaoivuka bahari mara mbili kila siku huku wamewekwa katikati ya feri wasiione. Wazee wetu wa Likoni na Mtongwe, wa Changamwe na wa Jomvu, watu wa mataifa kumi na mawili ya Mombasa, walikuwa na elimu yote hii ya miongo na pepo na majina ya miti. Wachache wao wangali hai, wako barazani, na hakuna mwalimu aliyewahi kuwaalika.

Mwalimu wa Likoni anayenisikia, siku ya bamvua ijayo, saa nne asubuhi, maji ya Mtongwe nayo yatakuwa yamekupwa. Chukua mzee mmoja, chukua darasa moja, kamba na daftari. Huhitaji ruhusa ya waziri.

Siku niliyoondoka kisiwani nilikuwa nimekaa chini ya mwarobaini nikizungumza na mwalimu, mazungumzo yamenoga, nikasahau saa. Kijana wa Gredi ya 6 alikuja akasimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama wanavyofunzwa kusimama mbele ya wakubwa. Mwalimu akamruhusu aseme. Akanitazama akasema, "Shikamoo bwana mgeni. Leo ni mfungo pili ishirini na mbili, maji ni mafu. Mashua yako itaelea mpaka alasiri, lakini upepo utageuka kabla ya hapo. Vuka sasa." Nikatazama mkononi, saa yangu ilikuwa inasema saa sita na robo. Nikatazama bahari, sikuona dalili yoyote. Kijana alikuwa ameshauchukua mkoba wangu na anatangulia kuteremka.